Shimo lenye Milango Miwili

Katika miaka thelathini ya kazi ya mabomba, Fundi Elbo alikuwa ameitwa kutengeneza kila kitu kinachopitisha maji: masinki, matangi, vyoo vya shule, bafu za hospitali, hata josho la ng'ombe. Mtu mmoja tu hakuwahi kumwita, naye ni kaka yake wa tumbo moja.

Jina la Elbo alilipata kazini. Siku ya kwanza ya uanagenzi alitumwa stoo akalete elbo, yale maungio ya bomba yaliyopinda kama kiwiko. Kwa aibu hakuuliza ni ngapi, akarudi na gunia zima mgongoni, jasho likimtiririka. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini, na jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, mume fundi cherehani, watoto wawili waliokwisha kujitegemea, na mikono ambayo mumewe alisema ikikushika bega huna haja ya kugeuka kuuliza ni nani.

Kaka yake alikuwa mwalimu wa sayansi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu hata baada ya kustaafu. Alimzidi miaka kumi na miwili, na ndiye aliyekuwa akimsomesha. Elbo alipoacha shule kidato cha pili akaenda kujifunza mabomba kwa mjomba wao, Mwalimu alisema maneno mawili tu: "Umechagua mitaro." Hakuyarudia, wala hakuyafuta. Maisha yaliendelea. Walishirikiana harusini na misibani, wakauguza pamoja mke wa Mwalimu hadi alipofariki, na kila wiki walijuliana hali kwa simu. Lakini bomba likivuja jikoni kwa Mwalimu, aliitwa fundi wa mtaa wa pili. Elbo aliiona kazi ya fundi huyo kila alipokwenda kumtembelea kaka yake, uzi wa kuzuia maji umezungushwa kwenye maungio kama bandeji ya kidonda, na kila mara aligeuza macho.

Basi simu ilipolia Jumamosi asubuhi, na Mwalimu akasema, "Mdogo wangu, nina kazi ya mabomba, unaweza kuja?" Elbo alidhani amesikia vibaya.

"Kazi ya mabomba?"

"Ndiyo. Nataka unijengee shimo."

"La choo?"

"La kuishi," alisema Mwalimu. "Si mimi. Bondia."

Bondia alikuwa mnyama wa baharini, jamaa wa kamba na kaa, aliyeishi katika tangi la kioo sebuleni kwa Mwalimu. Vitabuni Mwalimu alikuwa amemkuta kwa majina marefu ya kisayansi, lakini yeye alipenda kumwita kamba-vunjajungu, kwa sababu mikono yake ya mbele hukunjwa kifuani kama ya yule mdudu vunjajungu. Jina lilimfaa kwa njia nyingine pia. Mikono ile aliifyatua kwa kasi isiyoonekana, akapasua konokono mwenye gamba gumu kama mtu anayevunja karanga, na chungu kidogo cha udongo alichowekewa mwanzoni kama nyumba alikipasua katika wiki ya kwanza. Alikuwa na urefu wa kalamu ya risasi iliyochongwa mara nyingi, na macho mawili juu ya vijiti, kila moja likizunguka kwa shughuli zake. Mchuuzi mmoja wa samaki, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu, alimkuta ndani ya wavu akamletea ndooni badala ya kumtupa. Ndiye pia aliyemletea maji ya bahari katika madumu kila mwezi.

Elbo alipofika alimkuta kaka yake amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja ukutani. Miwani yake ilikuwa mizito kuliko ile ya mwaka uliopita. Alimimina chai, nusu ikaingia kikombeni, nusu mezani, naye akajifanya anapangusa vumbi.

"Kaka, macho yamefika wapi?"

"Mtoto wa jicho. Yote mawili. Wananipasua la kulia Jumatatu ya wiki ya tatu kuanzia sasa." Alilisema haraka, kama mtu anayetaja namba ya nyumba. "Sikukuitia hayo. Sikiliza."

Elbo alitega sikio. Kutoka kwenye tangi ikaja sauti, tak. Kisha tena, tak, tak.

"Anapiga kioo," Mwalimu alisema. "Mawe aliyokuwa akiishi chini yake yamemwangukia. Nilijaribu kuyapanga upya, lakini sioni ninachoshika. Hana pa kujificha, hali, halali, anachimba pembeni anakuta kioo. Akiendelea hivi, ama kioo kitapasuka, ama yeye. Niliwaza nimwite nani mwenye mikono ya kazi hii." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na doa. "Nikaona ni wewe."

Elbo aliweka begi chini. Alipiga magoti mbele ya tangi. Kwenye kona, nyuma ya jiwe lisilotosha kumficha, yule mnyama alikuwa amejikunyata, mgongo wa kijani umefifia kama nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima. Jicho moja lilimgeukia Elbo, la pili likabaki kwa Mwalimu.

"Ananipima," alisema.

"Na wewe mpime," kaka yake akamjibu.

Mchana ule ule Elbo alichomoa kwenye begi lake kipande cha bomba la plastiki la inchi moja, akalisugua kingo kwa msasa, akalilaza mchangani. Kwake ilikuwa kazi ya dakika kumi. Bondia alikuja, akaingiza kichwa, akaingia mzima, kisha akarudi kinyumenyume na kukimbilia kona yake. Hakulisogelea tena. Jumatano Mwalimu alipiga simu kusema kioo bado kinagongwa.

Elbo alikwenda na daftari. Kama mteja amekataa kazi, alisema, fundi akae chini amuulize mteja anataka nini. Kwa kuwa mteja huyu alikuwa bubu, alimuuliza Mwalimu. Na Mwalimu, aliyekaa miaka kadhaa bila darasa, alivuta kiti.

"Kwanza, anataka kugeuka humo ndani. Huwa anajikunja akapita juu yake mwenyewe kama mtu anayevaa fulana. Inchi moja ni kabati, si chumba. Pili, anataka giza. Tatu, hakuna kiumbe mwenye akili anayelala kwenye chumba cha mlango mmoja. Adui akisimama mlangoni utatokea wapi?"

"Kwa hiyo milango miwili."

"Miwili, yote juu, na chumba chini katikati. Na asikute utelezi, miguu yake ishike. Na kokoto za kila ukubwa jirani, maana milango huifunga mwenyewe. Jambo la mwisho, na hili uliandike kwa wino mzito: usitie kitu chochote cha shaba. Shaba kidogo tu majini, amekufa."

Elbo aliinua kichwa. Nusu ya begi lake ilikuwa koki na nati za shaba. Aliandika, akapigia mstari mara tatu.

"Wengine huacha dirisha kwenye bomba," Mwalimu akaongeza, "wamchungulie. Mimi sitaki. Hata mimi nisingependa mtu anichungulie chumbani."

Kazi ilimchukua jioni nne kwenye kibaraza cha nyumba yake. Alichagua bomba jeupe la inchi mbili, jipya, lisilowahi kupitisha kitu. Alikata chumba cha katikati urefu wa mara mbili ya Bondia. Kwa milango hakutumia elbo kali, kwa sababu maji hayapendi kona kali na hakuona kwa nini mnyama azipende. Alitumia zile za kupinda nusu, ili njia ipande taratibu kama ngazi ya mzee. Ndani alikwaruza kwa msumeno mpaka bomba likawa na mikwaruzo kama ubao wa kukatia nyama. Kisha akapaka gundi ya mabomba ndani na nje, akalivingirisha kwenye mchanga safi mpaka weupe wote ukapotea.

Mumewe alisimamisha cherehani akaja kutazama.

"Miaka ishirini na miwili nakuomba unitengenezee rafu ya majora," alisema.

"Wewe hupigi kioo."

"Ningejua ndiyo njia, ningepiga."

Aliliacha bomba juani siku tatu gundi ikauke, akaliloweka siku nne akibadilisha maji asubuhi na jioni, akalinusa kila mara kama mtu anayenusa maziwa. Lilipoacha kunuka kabisa, alilipeleka. Mwalimu alilishika kwa mikono miwili, akapitisha vidole mlango hadi mlango, akaingiza vidole vitatu hadi mwisho, akavigeuza humo ndani. Alikaa nalo mapajani muda mrefu.

"Ni laini pale panapotakiwa kuwa laini," alisema mwishowe, "na linakwaruza pale panapotakiwa kushika."

Kwa mtu mwingine hiyo isingekuwa sifa kubwa. Elbo aligeuka akajifanya anatafuta koleo.

Walilizika chini ya mchanga, milango miwili tu ikabaki wazi, kokoto zikatawanywa kando. Bondia alilizunguka mara mbili. Aligonga ukingo mara moja, tak, akasikiliza. Akaingia kichwa kwanza. Wakasubiri. Mwalimu hakuona kitu, kwa hiyo Elbo alikuwa akimtangazia kama mechi ya redio: ameingia kifua, ameingia mkia, simwoni, simwoni. Halafu kwenye mlango wa pili yakatokea macho mawili juu ya vijiti vyake.

"Ametokea upande wa pili."

Mwalimu alishusha pumzi. "Haya," alisema. "Sasa hata mimi naweza kwenda kupasuliwa."

Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini jicho lilivimba baadaye, na kwa kuwa Mwalimu alikuwa na kisukari, daktari aliamuru lifunikwe wiki mbili na mgonjwa asiiname wala asiachwe peke yake. Akahamia kwa Elbo, kwenye chumba cha majora. Jicho moja limefunikwa, la pili ukungu mtupu. Kila siku Elbo alimtia dawa mara nne, na kila jioni akitoka kazini alipitia kwanza nyumbani kwa kaka yake kumlisha Bondia. Akirudi, swali lilikuwa lile lile kabla hajavua viatu.

"Anaendeleaje?"

Siku tatu za kwanza jibu lilikuwa rahisi. Anakula, ametulia, hagongi. Siku ya nne alikuta milango yote miwili imezibwa kwa kokoto, imepangwa vizuri kuliko ukuta wa mafundi wengi anaowajua. Aliacha konokono mlangoni. Kesho yake konokono alikuwa pale pale, akitembea bila wasiwasi.

"Amefunga milango," alimwambia kaka yake.

"Vizuri. Anajisikia yuko kwake."

Siku ya sita, ya saba, ya nane, milango haikufunguka. Elbo alianza kuwaza gundi. Alikuwa ameinusa mara nyingi, lakini pua ya mtu ni pua ya mtu. Pengine sumu ilikuwa bado inavuja taratibu humo ndani, na yule mnyama, kwa kuamini nyumba aliyojengewa, amejifungia nayo. Alipoulizwa hali alijibu, "Hajambo, ametulia." Usiku hakulala vizuri. Kazini alifunga bomba la maji moto upande wa maji baridi, kosa ambalo hakulifanya hata mwaka wa kwanza.

Siku ya kumi na moja alifungua mlango wa kaka yake, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Kando ya mlango wa kushoto, juu ya mchanga, Bondia alikuwa amelala ubavu. Mikono imejikunja, miguu yote imelegea, macho meupe. Pampu ilipotoa mapovu, mwili mzima ulipepea.

Elbo alikaa kwenye sofa la kaka yake, na nguo zake za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu. Alilia kidogo. Hakujua kama anamlilia mnyama wa kidole na nusu, au ile kazi moja aliyoitwa baada ya miaka yote. Kisha akajikaza, akachukua kijiko kirefu cha jikoni, akamtoa taratibu na kumtia kwenye chupa ya jamu yenye maji.

Alifika nyumbani akiwa ameiweka chupa ndani ya begi, chini ya taulo. Kaka yake alikuwa ameketi kitandani.

"Anaendeleaje?"

Elbo alisimama mlangoni.

"Mbona kimya?" Mwalimu aliuliza. "Nimefunikwa jicho, masikio hayajafunikwa. Siku tatu hizi unanijibu kama mtoto aliyevunja sahani."

"Kaka, nimemuua."

"Nani?"

"Bondia. Nadhani ni gundi. Niliiloweka siku nne, labda ilitaka kumi. Hajala wiki nzima, nikakuficha kwa sababu ya jicho lako. Leo nimemkuta nje ya mlango amekufa." Alilikumbatia begi. "Nisamehe. Ningekuachia ukamwita yule fundi wako."

Mwalimu alijiweka sawa kitandani. Kisha akauliza, kwa sauti yake ile ya darasani, "Umemzika?"

"Nimekuja naye."

"Nipe."

Alimpa chupa. Mwalimu akafungua kifuniko, akatia vidole viwili majini, akagusa. Uso wake haukubadilika. Akamtoa, akamlaza kwenye kiganja, akampima uzito kwa kuinua na kushusha mkono.

"Mwepesi," alisema. "Njoo. Nipe kidole chako. Pita mgongoni hapa, karibu na shingo. Unaona nini?"

"Pamepasuka."

"Pamepasuka au pamefunguka? Ingiza kucha."

Elbo aliingiza kucha. Ilizama ndani bila kugusa kitu. Alimnyanyua kuelekea dirishani, na mwanga wa jioni ukapita katikati ya mwili ule kama unavyopita kwenye ganda la kitunguu. Kifua kitupu. Miguu mitupu kama mirija. Hata macho yalikuwa vifuniko tu.

"Hakuna mtu humu ndani," alisema polepole.

"Hakuna. Hilo ni shati, mdogo wangu. Amelivua." Mwalimu alianza kucheka, mabega yakimtikisika, mkono ukishikilia bandeji ya jicho kwa sababu daktari alimkataza kucheka kwa nguvu. "Wanyama wa namna hii hawakui bila kuvua ganda. Akilivua anakuwa laini kama ute wa yai, mtoto wa samaki anaweza kumla. Kwa hiyo hafanyi mpaka apate shimo la kuaminika. Mimi nimekuwa naye miezi kumi na minne kwenye yale mawe yangu, hakuwahi. Nilikuwa nahofia kweli kweli, maana akichelewa sana hufa ndani ya ganda. Wewe umempa shimo, wiki ya pili tu amevua."

Elbo alikalia ukingo wa kitanda. Alianza kucheka naye, kisha akalia tena, safari hii bila kujificha, na mumewe akaja mbio na futi ya kupimia shingoni akiuliza nani amefariki.

"Hakuna," wote wawili walimjibu. "Hakuna aliyefariki."

"Basi lieni taratibu, nina mteja," alisema, akarudi zake.

Walipotulia, Mwalimu alikuwa bado ameshika lile ganda.

"Yule fundi wa mtaa wa pili," alisema, "si kwamba nilimwona bora. Niliyosema zamani yalikuwa mabaya. Ningekuita, ungekuja, ungetengeneza, na mimi ningekuwa nimesimama pale nikikutazama, nisijue niseme nini. Kwa hiyo nikawa naita mtu ambaye sina la kumwambia."

"Ungesema asante, basi. Watu wengi husema hivyo."

"Asante," alisema kaka yake.

Siku nne baadaye bandeji iliondolewa. Daktari aliridhika, uvimbe umeisha. Kwenye korido ya hospitali Mwalimu alisimama akamtazama dada yake kama mtu aliyeonyeshwa picha.

"Una mvi."

"Ninazo tangu mwaka juzi."

"Na hiyo blauzi ni ya buluu. Miaka miwili hii nilijua ni kijivu."

Alitaka kwenda kwake siku ile ile, naye Elbo akampeleka. Waliweka viti viwili mbele ya tangi, wakangoja. Mlango wa kushoto ulikuwa tayari umefunguliwa kidogo. Baada ya kama robo saa kokoto moja ikasukumwa, ikafuatiwa na nyingine, na Bondia akatoka nusu mwili kwenye mwanga wa dirisha. Hakuwa yule mnyama aliyefifia. Mgongo ulikuwa kijani cha jani changa, mkia una ukingo mwekundu na buluu, miguu myekundu kama pilipili, na ubavuni madoa ambayo Elbo hakuwahi kuyaona.

Mwalimu aliegemea mbele mpaka pua ikakaribia kioo. Hakusema majina ya kisayansi wala hakufundisha kitu. Machozi yalimtoka jicho lililopona, na Elbo akamkumbusha asilifute kwa mkono.

"Sikujua," alisema Mwalimu. "Alipoletwa tayari nilikuwa sioni vizuri. Nilisoma tu kwamba ana rangi."

Elbo alidondosha konokono. Bondia alitoka mzima, akamchukua, akarudi nyuma chumbani mwake. Chini ya mchanga ikasikika tak moja nzito, ya ganda la konokono, si ya kioo.

Elbo alijinyoosha. Aliegemeza kichwa kwenye kiti, akiwa na nia ya kupumzika dakika mbili kabla ya kwenda kuosha vyombo vya kaka yake. Alipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, kuna shuka begani mwake, na Mwalimu alikuwa bado ameketi pale pale, akitazama.